Meza ya Aina Moja katika Poka: Dalili na Vyanzo vya Hasara katika Duru Mbili za Mwisho

Poka iliingia katika barza yetu ya Wete kupitia simu za vijana, ikawakuta watu wazima wameshakomaa katika karata za turufu. Kwa muda niliolishika daftari la kuandikia matokeo, nimeona kwamba hasara kubwa hutokea pale karata za mezani zinapokuwa tatu au nne za aina moja, na kwamba chanzo chake mara nyingi si bahati mbaya wala udhaifu wa hesabu, bali ni mkono uliozoea turufu. Katika turufu, karata ndogo kabisa ya aina inayotawala huila ree, karata ya juu kabisa, ya aina nyingine, na mtoto hufunzwa tangu mwanzo kwamba mwenye aina hiyo ana nguvu. Katika poka hakuna aina inayotawala. Kopa haiizidi pau, shupaza haiizidi uru, na flashi mbili (yaani mikono ya karata tano za aina moja) zinapokutana kinachoamua ni ukubwa wa karata. Anayelisahau hilo hulipa, na hulipa zaidi katika duru mbili za mwisho, ambapo madau huwa yameshakua.

Sisi huchezea komwe za bao, si pesa. Aya ya 90 ya Surat al-Maida imekataza kamari, na hata shauri la kwamba anayeshindwa anunue kahawa tulilitupa baada ya mabishano ya wiki nzima, kwa kuwa Maalim alishikilia kwamba kahawa nayo ni mali. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu komwe zisizo na bei, kama itakavyoonekana, ni chanzo cha tatizo moja mahsusi.

Msomaji mgeni ajue haya machache. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Mezani hufunuliwa karata tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano, na baada ya kila ufunuo kuna duru ya madau, yanayokusanywa mezani kuwa fungu moja la kuchukuliwa na mshindi. Flashi ni karata tano za aina moja. Huushinda mfuatano na huzishinda tatu sawa, lakini hushindwa na mkono wa tatu za namba moja pamoja na jozi, ambao hapa nitauita tatu na jozi. Majina yetu ya aina za karata yametoka kwa Wareno, kama lilivyotoka neno turufu na hata neno meza, ila kwa kuwa mzungu wa nne na mzungu wa tatu huweza kuchanganywa na namba 4 na 3, katika maandishi haya nitasema mfalme, bibi na ghulamu.

Kabla ya yote: hakikisha kwamba ni aina moja kweli

Fundi wa redio huutazama waya wa umeme kabla ya kukifungua chombo, nasi tuanze na lililo jepesi. Kopa na uru zote ni nyekundu, pau na shupaza zote ni nyeusi, na karata zilizoshikwa miaka mitatu kwa vidole vyenye mafuta ya sambusa hazisomeki vyema chini ya taa ya kandili. Seremala mmoja wa barzani kwetu aliwahi kuweka komwe 60 kwa flashi ya kopa ambayo karata yake moja ilikuwa uru. Tulicheka sana, lakini aliyecheka zaidi ndiye aliyefanya kosa hilo hilo mwezi uliofuata. Inua karata zako tena kila inapofunuliwa karata mpya, hesabu kwa jicho ni ngapi za aina hiyo zilizoko mezani, kisha tazama kama karata za mezani zimeshafanya jozi, kwani jozi ya mezani ndiyo inayomfungulia mwenzako mlango wa tatu na jozi.

Dalili: flashi yako hushinda mafungu madogo na kupoteza makubwa

Hii ndiyo dalili inayojirudia kuliko zote, na mgonjwa wake hulalamika kwa maneno yale yale: "Nilikuwa na flashi, nikafungwa." Tuichukue meza moja. Karata tatu za kwanza ni mfalme wa kopa, 9 ya kopa na 4 ya kopa. Ya nne ni 2 ya pau na ya tano ni 7 ya shupaza. Wewe unazo 6 na 5 za kopa. Unaweka dau kubwa duru ya kwanza, la pili kubwa zaidi, na la mwisho lenye ukubwa wa fungu zima. Mwenzako anapandisha, unafuata, naye anaonesha ree na 8 za kopa.

Mchezaji wa turufu huliona tukio hili kuwa ajali. Lakini hesabu kopa zilizobaki: mezani kuna tatu, mkononi mwako mbili, kwa hiyo zimebaki nane, nazo ni ree, bibi, ghulamu, 10, 8, 7, 3 na 2. Karata nane huweza kuunda jozi za mkononi 28, na kati ya hizo 28 ni moja tu, yaani 3 na 2, inayoshindwa na flashi yako. Nyingine zote 27 zinakushinda. Ni kweli kwamba mtu aliyeshika karata zozote mbili huwa na kopa mbili kwa nadra sana, kwani hizo 28 ni sehemu ya miungano 990 inayowezekana kutoka karata 45 usizoziona, yaani chini ya asilimia 3. Hesabu hiyo ya asilimia 3 ndiyo inayomlaghai mtu. Aliyefika duru ya mwisho na kulipa madau matatu makubwa hakuja na karata zozote tu. Madau yako mwenyewe yameshamchuja, yakawaondoa wote unaowashinda na kukubakishia wale wanaokushinda.

Kwa hiyo chanzo si udogo wa flashi, bali ni ukubwa wa dau ukilinganishwa na udogo huo. Kabla ya kuweka dau la mwisho, jiulize swali moja: ni mkono gani ulio dhaifu kuliko wangu utakaokubali kulipa kiasi hiki? Ukiweka theluthi ya fungu, mwenye jozi mbili atalipa, mwenye tatu sawa atalipa, na pengine atalipa hata mwenye mfalme mmoja asiyeamini maneno ya watu. Ukiweka fungu zima, hao wote watatupa karata, na atakayebaki ni yule usiyemtaka.

Tiba ya karata ya nne si sawa na tiba ya karata ya tano. Katika duru ya karata ya nne flashi ndogo inastahili dau la nusu ya fungu au zaidi kidogo, kwa kuwa bado ina hatari ya kumezwa: kopa nane zilizobaki kati ya karata 46 usizoziona maana yake ni kwamba takriban mara 1 katika 6 karata ya tano itakuwa kopa, na hapo yeyote mwenye kopa moja kubwa atakupita. Mtu huyo mwenye ree pekee ya kopa anatakiwa alipe gharama ya kuingoja. Katika duru ya karata ya tano hakuna tena anayengoja chochote, na sababu ya kumlipisha imekwisha. Hapo weka dau dogo, au pita na umwachie mwenzako aseme.

Ukipandishiwa dau katika duru ya mwisho ukiwa na flashi ndogo, mtazame anayepandisha kuliko unavyozitazama karata. Barzani kwetu yuko mzee ambaye, kwa mujibu wa daftari, hajawahi kupandisha dau la mwisho bila ya kuwa na mkono mkubwa, na kwake mimi hutupa flashi ndogo bila ya kusita. Wako vijana wawili ambao hupandisha wakiwa na ree tupu, hao huwalipa.

Dalili: karata ya nne ya aina ile ile imeanguka, nawe umeganda

Hapa tabia ya turufu huumiza kwa upande wa pili. Meza ina bibi, 10 na 6 za shupaza, kisha 3 ya uru, na ya mwisho ni 2 ya shupaza. Wewe unazo 10 mbili, ya kopa na ya pau, ambazo pamoja na ile ya mezani ni tatu sawa, mkono uliokuwa bora dakika moja iliyopita. Sasa shupaza moja tu mkononi mwa mwenzako inatosha kukushinda. Zimebaki shupaza tisa kati ya karata 45, na uwezekano wa mtu mwenye karata zozote mbili kuwa na angalau moja ni asilimia 36. Aliyelipa madau mawili kabla ya hapo ana uwezekano mkubwa zaidi, kwa sababu shupaza kubwa ndiyo iliyomshikilia mezani.

Mkono wako umegeuka kutoka mkono wa kudai ukawa mkono wa kungoja. Dau ukiliweka wewe, atalipa mwenye shupaza na atatupa asiyekuwa nayo; hakuna faida upande wowote. Pita. Naye akiweka dau, fanya hesabu ya bei. Dau la theluthi ya fungu linataka ushinde mara 1 katika 5 ili usipoteze. Dau la nusu linataka mara 1 katika 4. Dau la fungu zima linataka mara 1 katika 3. Na dau lililo mara mbili ya fungu linataka asilimia 40. Tatu sawa kwenye meza kama hii huweza kulilipa dau dogo la mtu anayependa ghilba, yaani kuweka dau bila ya kuwa na mkono, lakini haziwezi dau la fungu zima la mtu mtulivu.

Kosa lililo kubwa zaidi hapa ni la yule aliye na shupaza moja ndogo. Chukua 5 ya shupaza katika meza hiyo hiyo. Anayo flashi, moyo unamdunda, na mkono wa turufu unamwambia aweke kila kitu. Lakini shupaza nane ambazo hazionekani ni ree, mfalme, ghulamu, 9, 8, 7, 4 na 3, na sita za mwanzo zote zinaishinda 5 yake. Flashi ya 5 mahali hapa si mkono mkubwa. Thamani yake haiko mbali na ile ya tatu sawa tuliyoizungumza, na ichezwe hivyo hivyo, kwa kupita na kulipa kidogo. Mwenye mfalme anaweza kuweka dau la kati, kwa kuwa karata moja tu ndiyo inayompita. Mwenye ree aweke analotaka, isipokuwa mezani pakiwa na jozi.

Dalili: unatupa karata nzuri kila aina moja inapoonekana

Ugonjwa huu ni wa waliokwisha kuumia na maradhi ya kwanza. Mtu akiona uru tatu mezani hutupa jozi mbili, hutupa tatu sawa, na wenzake wakigundua huanza kumpora kwa kuweka dau kila aina moja inapotokea. Kinga yake ya kwanza ni hesabu: dau la nusu ya fungu humfaidisha mwenye ghilba iwapo utatupa zaidi ya mara 1 katika 3, na dau la fungu zima humfaidisha iwapo utatupa zaidi ya nusu ya mara zote. Ukijijua kwamba unatupa mara nane katika kumi, basi unaibiwa, hata kama kila utupaji ukiutazama peke yake unaonekana kuwa wa busara.

Kinga ya pili ni kuuliza aina hiyo imeingia lini. Karata tatu za kwanza kuwa zote za aina moja ni jambo la nadra, takriban mara 1 katika 19. Mara nyingi huanza mbili, jambo linalotokea zaidi ya nusu ya mara zote, kisha ya tatu huingia baadaye. Tofauti hii ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ikiwa meza ilianza na 8 ya uru, ghulamu wa uru na 3 ya pau, mwenzako akalipa duru mbili bila ya kupandisha, kisha 2 ya uru ikaanguka mwisho naye akaamka na kuweka dau, hapo masimulizi yake yanakubaliana: alikuwa akingoja, na alichokingoja kimefika. Lakini ikiwa uru tatu zilikuwako tangu mwanzo, naye akapita duru mbili nzima kisha akaweka dau baada ya karata ya tano isiyobadilisha kitu, masimulizi hayana mguu. Mwenye flashi tangu mwanzo mara nyingi angeshataka kulipwa, au angeshaogopa kumezwa.

Jambo la tatu ni karata uliyoishika wewe. Ukiwa na ree ya uru mkononi, hata kama huna flashi, hakuna mwingine anayeweza kuwa na flashi ya juu kabisa. Bila ya uru yoyote mkononi mwako, mwenzako ana njia 45 za kuwa na uru mbili; ukiwa na ree, njia hizo hushuka hadi 36, na zile tisa zilizoondoka ndizo zilizokuwa na nguvu zaidi.

Dalili: madau yako ya ghilba hulipwa kila mara

Ree ile ile pekee ndiyo silaha bora ya ghilba, kwa sababu hiyo hiyo: unajua kwa yakini kwamba mwenzako hana mkono wa juu kabisa, na yeye hajui kwamba unajua. Wengi hufanya kinyume chake. Huweka ghilba wakiwa hawana hata karata moja ya aina iliyoko mezani, kisha hushangaa wanapokutana na flashi.

Ikiwa unayo ree na bado unalipwa, angalia kama umesimulia hadithi moja. Aliyepita duru ya kwanza na ya pili, kisha akaweka fungu zima karata ya nne ya aina hiyo ilipoanguka, anaeleweka. Aliyepita pale uru ya tatu ilipoingia, halafu akaweka fungu zima karata ya tano ilipokuwa pau, haeleweki. Dau la nusu ya fungu lisilokuwa na kitu nyuma yake linatakiwa lifanikiwe zaidi ya mara 1 katika 3, na la fungu zima zaidi ya mara 1 katika 2. Hesabu hiyo inaruhusu kushindwa mara nyingi, kwa hiyo kulipwa mara moja au mbili si dalili ya ugonjwa.

Lakini barzani kwetu chanzo kilikuwa kingine kabisa, na kilinichukua miezi miwili kukiona. Komwe hazina bei. Mtu aliyemaliza komwe zake alikuwa akichota nyingine kwenye mkoba wa bao na kuendelea, hivyo hakuwa na sababu ya kutupa karata yoyote. Alilipa ili aone tu. Mbele ya mtu kama huyo ghilba ni kazi bure, hata iwe imepangwa vipi, na tiba ni kuacha ghilba na kuweka madau makubwa zaidi pale unapokuwa na mkono wa kweli. Tiba ya mchezo wenyewe ilikuwa kila mmoja kupewa komwe 200 mwanzoni mwa mwezi, zikaandikwa daftarini, na asiongezewe hadi mwezi uandame. Ndani ya wiki moja watu walianza kufikiri kabla ya kulipa, na ghilba zikaanza kufanya kazi.

Dalili: komwe zinaisha kabla ya karata ya tano kufunuliwa

Hapa unalipa bei kubwa mno ya kuingoja karata. Mezani zipo kopa tatu baada ya karata ya nne, na mkononi unayo kopa moja. Zimebaki kopa tisa kati ya karata 46, ambayo ni asilimia 20 kasoro kidogo. Dau la theluthi ya fungu linataka asilimia 20 kamili, kwa hiyo hapo ndipo ukingo ulipo. Dau la nusu linataka 25 na limeshakuvuka, isipokuwa una hakika kwamba ukiipata kopa utalipwa vizuri baadaye. Na hesabu hii ni ya mwenye ree au mfalme. Mwenye 6 ya kopa anangoja karata ambayo, ikifika, huenda ikamkamilishia mwenzake flashi kubwa zaidi, yaani ananunua kwa bei ya rejareja kitu ambacho huenda kisiwe chake.

Mwenye tatu sawa ana hali nzuri kuliko anavyojihisi. Karata kumi kati ya 46 humpa tatu na jozi au nne sawa, karibu asilimia 22, na mkono huo huipiga flashi yoyote ya kawaida. Mwenye jozi mbili ana karata nne tu, chini ya asilimia 9. Huyo asiingoje karata, bali alipe ikiwa tu anaamini kwamba yuko mbele tayari.

Hali ya nadra: karata zote tano za aina moja

Hutokea takriban mara 1 katika mizunguko 500, kwa hiyo sitakaa hapa. Kila aliyebaki ana flashi. Kwa kawaida karata yako ya aina hiyo ina maana ikiwa tu ni kubwa kuliko ile ndogo kabisa ya mezani. Vinginevyo mnacheza karata za meza, na fungu hugawanywa sawa. Ilitutokea mara moja, kwa pau, na ndogo ya mezani ilikuwa 7. Wawili walipandishiana hadi komwe 40 kila mmoja, wa kwanza akiwa na 5 ya pau na wa pili akiwa hana pau hata moja, na kila mmoja akazirudisha kwake komwe zake 40.